Fimbo moja haitoshi (baba hakubali)

Haya wadau, najua nimepotea. Midterm zilinibana, halafu kibarua cha kuosha vyombo kantini ya chuo kimenimaliza mgongo. Kwa wale mnaouliza kama nimesharudi Bongo: sijarudi, bado niko hapahapa Alabama nakomaa.

Leo nataka niongelee fimbo za kuvulia samaki. Msicheke. Mtu niliyezaliwa Ukerewe, ziwa linaonekana mlangoni, nimekuja kuumbuka kwenye maji ya Wamarekani.

Huku kuna samaki anaitwa besi, yule mwenye mdomo mkubwa kuliko akili. (Wakenya mnamjua, yupo Naivasha tangu 1929, alitolewa hukuhuku Marekani.) Huku watu wanamvua kwa chambo bandia, plastiki tupu, na kila chambo kina fimbo yake. Mshikaji wa chumba cha jirani ana fimbo sita kwenye gari lake, na gari lenyewe halina side mirror. Nilimwona mwehu.

Mwezi uliopita akasema twende Ziwa Guntersville, kule kwenye mto Tennessee. Nikakata leseni, nikaenda dukani na dola 70. Muuzaji hata hakuniuliza nitatupa chambo gani. Akanipa fimbo ngumu, futi 7 na nusu, akasema hii inafanya kila kitu. Nami kwa ujinga wangu nikaona fimbo nene ndiyo fimbo ya kiume. Nikalipa.

Ziwani nikafunga kranki. Hicho ni kidude kama kisamaki cha plastiki, kina ulimi mbele. Ukikivuta kinazama na kutikisika, na kwa chini kina ndoana ndogo za pembe tatu. Kwanza hakikuruka mbali, kilikuwa chepesi mno kwa fimbo ile. Mara mbili mshipi ulijifunga mafundo kwenye rili, nikakaa dakika kumi nafumua huku wenzangu wanavua. Halafu samaki wakaanza kushika. Wa kwanza akachomoka. Wa pili akachomoka. Wa tatu alikuwa mkubwa kweli, nilimwona tumbo, akaruka juu akatikisa kichwa, kranki ikanirudia usoni. Saa sita za jua, samaki sifuri.

Njiani ndipo jamaa akanifafanulia, kwa upole, maana aliona nimenuna. Ndoana za kranki ni ndogo na nyembamba, zinashika ngozi kidogo tu. Fimbo ikiwa ngumu, samaki akitikisika hakuna kinachompokea, ndoana inachana tundu na kutoka. Kranki inataka fimbo laini inayopinda mpaka katikati, watu wengi wanatumia za nyuzi za kioo badala ya kaboni. Mnyoo wa plastiki ni kinyume chake: ndoana ni moja, nene, imefichwa ndani ya mnyoo ili isinase majani. Hapo unahitaji fimbo inayopinda kwenye ncha tu na ngumu kuanzia hapo kushuka, ili ukivuta kwa nguvu ndoana itoboe plastiki kwanza, halafu mdomo. Chura wa plastiki anayetembea juu ya majani ndiye mwenye fimbo kama yangu, tena na mshipi wa kusuka wa ratili 50 au zaidi, maana unamtoa samaki pamoja na shamba zima la magugu.

Na yote haya yameandikwa kwenye fimbo yenyewe, juu kidogo ya mshikio! Uzito wa chambo kwa wakia (wakia moja ni gramu 28 hivi) na nguvu ya mshipi kwa ratili. Yangu iliandikwa kuanzia nusu wakia, na kranki yangu ilikuwa robo. Mimi mwanafunzi wa takwimu sikusoma namba mbili. Aibu.

Jumapili nikampigia baba. Niwaambie ukweli, simu zetu siku hizi zilikuwa za dakika mbili: hela imefika, imefika, masomo vipi, salama. Tangu mgongo umkatalie akauza mtumbwi mwaka jana, amekuwa mkimya, na mimi sikujua niulize nini. Safari hii nikamwambia nimepoteza samaki watatu. Kimya. Halafu akasema, "Ulimvutaje?"

Tukaongea dakika arobaini, jamani. Baba maisha yake yote kavua sangara kwa ndoana, hajawahi kushika fimbo, ila alinielewa kuliko yule muuzaji. Akasema kwa mshipi wa mkononi fimbo ni mkono wako wenyewe: samaki akivuta unamwachia kidogo, akichoka unarudisha, na mkono ukikaza kama mti unabaki na ndoana tupu. "Hiyo fimbo yako ni mkono wa mtu mwenye hasira," akasema, akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Basi nimebadilishana na jamaa mmoja wa darasani anayevua kwa chura. Amechukua lile gogo langu, kanipa fimbo yake kuukuu ya kioo, futi 7, laini. Mpya sinunui mpaka muhula ujao, na mnyoo nitautupa kwa fimbo ya kuazima. Mkiniuliza ya kuanzia, kama ni moja tu, chukueni ya futi 7, ngumu kiasi, si gogo. Itakubali mnyoo, na kranki utaisumbua tu.

Jumamosi nikapata besi wawili kwa kranki ileile. Nikampigia baba palepale ukingoni, natetemeka.

"Wakubwa?"

"Mmoja kama kilo mbili."

"Mmemlaje?"

Nikamwambia huku wengi wanamrudisha majini, na sisi tulimrudisha. Kimya kirefu.

"Mmemrudisha."

"Ndiyo, baba."

"Mzima?"

"Mzima."

"Sasa mwanangu, ulienda kufanya nini?"

Salio likakata kabla sijajibu. Nimemwahidi nitapiga Jumapili. Alhamisi nina mtihani, kwa hiyo msinitafute.