Hela, Falanga na Duka la Stempu

Mgeni akifika Bruxelles huonyeshwa kwanza maduka ya chokoleti. Mimi nilipendelea rue du Midi, karibu na Bourse, mtaa unaojulikana kwa maduka ya stempu na sarafu za zamani. Ni maduka madogo. Ukiingia, taja nchi na miaka unayotafuta, nawe utaletewa albamu.

Niliomba Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Stempu za 1893 ni za Ujerumani yenyewe, ila juu yake pamegongwa PESA, neno lenye asili ya India. Wakati huo pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1905 panaandikwa Heller, 100 kwa rupia. Kiswahili kikaipata hela.

Kisha nikaomba za kwetu: faranga za Kongo ya Kibelgiji, halafu makuta ya 1967, 100 kwa zaire moja. Noti za zaire zimetoweka, lakini Lubumbashi bado tunasema makuta, na falanga pia.

Wanaodai kwamba Kiswahili chetu kimechafuliwa na Kifaransa hulipa kwa hela bila kuona haya. Hela ni ya Kijerumani kama falanga ilivyo ya Kifaransa. Tofauti ni kwamba moja imezoeleka kamusini.

Mwanaisimu akisafiri, atafute duka la namna hiyo. Stempu iliyotumika huwa na neno, na mara nyingi muhuri wa posta wenye mahali na tarehe. Mahojiano yetu ya uwandani hayarudi nyuma kiasi hicho.