Nafasi Kati ya Nyumba na Nyumba

Kazi iliyonilisha maisha yangu yote ni ya kuchora mipango ya viwanja na kuifuatilia mpaka bikoni zisimikwe ardhini. Niliifanya Mwanza, mji wenye mawe juu, ziwa chini, na Mto Mirongo katikati ukishuka kutoka milimani. Katika kazi hiyo kuna hoja moja niliyoishikilia kuliko nyingine zote, nami naiandika hapa kwa sababu bado naona ikipuuzwa: makazi huharibika au hupona kutokana na nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na nyumba kabla mtu wa kwanza hajajenga. Nyumba yenyewe hubadilika. Bati huondoka likaja tofali, choo cha shimo hufukiwa kikachimbwa kingine, chumba kimoja huongezwa vikawa vinne. Njia ambayo haikuachwa mwanzoni haipatikani tena ila kwa kubomoa, na kubomoa hakuna anayekutaka, si mwenye nyumba, si mwenyekiti wa mtaa, si halmashauri itakayodaiwa fidia.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ziwani, katika kambi za wavuvi wa Ukerewe, Kome, Goziba na visiwa vidogo visivyo na wakazi wa kudumu. Nyumba za huko huhama. Mifupa yake ni mirunda, ngozi yake ni bati, na chini ya kichwa cha kila msumari huwekwa kisoda kilichopondwa ili bati lisichanike kwa upepo. Dagaa wakipungua upande huu, misumari hung'olewa na kunyooshwa juu ya jiwe, mabati hufungwa mafungu, na nyumba nzima hupakiwa kwenye mtumbwi ikajengwe kwingine. Mtu anaweza kusema kuwa nyumba ya namna hiyo haihitaji ramani. Mimi nasema inaihitaji kuliko nyumba ya tofali. Kila mvuvi anataka kulala karibu na mwalo, kwa sababu ya chombo chake na kwa sababu ya usiku wa giza anapotakiwa kutoka. Matokeo yake mabanda hubanana mgongo kwa mgongo, na ndani ya chumba kimoja huwekwa jiko la mkaa, nyavu kavu na dumu la petroli ya mashine. Moto ukianza banda la upande unakotoka upepo, hakuna kitu cha kuuzuia isipokuwa maji ya ziwa lenyewe. Bati haliwaki, lakini mirunda, nyavu na magodoro huwaka, na bati lenyewe hupitisha joto hadi kwa jirani. Hapo tatizo si udhaifu wa banda. Tatizo ni kwamba kati ya banda na banda mtu hupita ubavu.

Dunia imeshughulika sana na makazi ya namna hii, tena kwa kipimo. Uingereza ilitunga sheria ya maeneo ya nyumba za kuhamishika mwaka 1960, na viwango vyake vya mfano vya mwaka 2008 vinataka mita 6 kati ya nyumba na nyumba, na mita 3 kutoka kwenye mpaka wa eneo. Mashirika yanayohudumia wakimbizi nayo yana kipimo chao: angalau mita 2 kati ya vibanda, na ikiwezekana mara mbili ya kimo cha kibanda, kisha ukanda mtupu wa mita 30 kila baada ya mita 300 za majengo. Choo kisizidi mita 50 kutoka nyumbani, bomba lisizidi mita 500. Ukivitazama viwango hivyo kwa jicho la mchoraji, utagundua kwamba karibu vyote havigusi ukuta, dari wala sakafu. Vinagusa mahali pasipojengwa. Waliovitunga walijua kwamba mwenye nyumba ataitunza nyumba yake bila kuambiwa, lakini uwazi ulio kati yake na jirani hauna mlinzi isipokuwa kanuni.

Pingamizi la kwanza nililolisikia katika kazi yangu ni kwamba haya ni makazi ya muda, hivyo kuyapangia ni kupoteza nguvu. Ushahidi unalikataa. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, na watoto waliozaliwa humo wamekuwa wazazi. Huko Marekani, ambako nyumba hutoka kiwandani ikiwa na ekseli zake na kuwekwa kwenye kiwanja cha kupanga, nyumba nyingi hazihami tena zikishatua, maana gharama ya kuihamisha humshinda mwenyewe. Anayehama ni mpangaji, nyumba inabaki palepale. Sisi nasi tunalijua jambo hilo. Mitaa mingi ya Mwanza ilianza kama vibanda vya watu waliokuja kutafuta maisha kwa miezi michache. Neno "muda" limekuwa kibali cha kutopanga, na baadaye limekuwa sababu ya kutotoa huduma kwa kuwa hakukupangwa.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha miradi ya viwanja na huduma. Mwanza ilikuwamo tangu awamu ya kwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya. Mradi ulikuwa na sura mbili. Upande mmoja, ardhi tupu ilipimwa, njia zikakatwa, huduma kidogo zikapelekwa, na mtu akakabidhiwa kiwanja ajenge mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Upande wa pili, mitaa iliyokwisha kujengwa kiholela, kama Manzese ya Dar es Salaam, iliongezewa barabara na maji. Mwaka 2021 mtafiti Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia miji saba ya mradi ule. Maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa zaidi, zilizopangika na zenye ubora zaidi. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha tofauti ya maana na yale ambayo hayakuguswa kabisa. Kwangu mimi, niliyeona fedha nyingi zikiwekwa katika kurekebisha na kidogo sana katika kutangulia, hakuna matokeo ya utafiti yaliyo mazito kuliko hayo.

Wapo wanaojibu kwamba maeneo yale yalivutia wenye kipato, na wao ndio waliojenga vizuri. Ni kweli kwamba wenye kipato walivutwa. Lakini walivutwa na mpangilio: gari linafika mlangoni, mpaka hauna ugomvi, maji ya mvua yana pa kupita. Na maskini aliyepewa kiwanja halafu akakiuza aliuza kitu chenye thamani, jambo ambalo jirani yake wa mtaa wa kiholela hakuliweza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye milima yetu wenyewe. Igogo na Mabatini zilijengwa bila ramani, ngazi zikipenya kati ya majabali na mabomba ya maji yakitambaa wazi juu ya jiwe kwa kuwa hakuna udongo wa kuyafukia. Hata hivyo Mamlaka ya Maji imepeleka huko mfumo rahisi wa majitaka, wa mabomba membamba yanayopita uani na kushuka kwa nguvu ya mteremko. Kwa hiyo, wanasema, huduma inaweza kufika bila njia. Nauheshimu mradi ule kwa dhati. Uliwaondolea watu vinyesi vilivyokuwa vikishuka na mvua hadi Mirongo na kutoka Mirongo hadi ziwani. Lakini ulifaulu kwa sababu bomba jembamba linapinda. Gari la zimamoto halipindi hivyo. Mama mwenye uchungu wa uzazi bado anashushwa kwa mikono ya watu wanne kwenye ngazi zenye utelezi, na mzigo wa saruji bado unalipiwa tena kwa kila kichwa kinachoupandisha, ndiyo maana kujenga mlimani ni ghali kwa mtu asiye na kitu. Wala sisemi mlima upigwe mistari ya mraba kama uwanda. Njia ifuate kontua, ngazi ziungane nayo kwa umbali unaobebeka, na majabali yaachwe kuwa mipaka.

Kuna pia hoja ya uhaba wa ardhi, nayo ina msingi. Kanuni zetu za miaka ya 1990 zilitaka kiwanja cha msongamano mkubwa kiwe mita za mraba 400 hadi 800, wakati mradi wa miaka ya 1970 ulikuwa umetoa viwanja vya mita 12 kwa 24, yaani 288. Kipimo kikubwa kilimfukuza mtu wa kawaida kwenda kununua kipande kisichopimwa. Hapo penye kubana, pabanwe kiwanja, pasibanwe njia. Familia inaweza kuishi vizuri kwenye eneo dogo lenye njia ya kweli mbele yake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na wavuvi huiona kama sheria ya kuwafukuza. Ziwa lenyewe limeitetea. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likapanda tena na kuvuka kiwango cha 1964, likiingia majumbani na kwenye mialo. Lakini mita 60 zilizoachwa tupu kwenye karatasi hazikai tupu ardhini. Kandokando ya Mirongo ushahidi ni mabanda yaliyoning'inia juu ya mto. Uwazi hudumu ukipewa kazi. Ukingo wa mto uwe njia ya miguu na vitalu vya miche. Katika kambi za wavuvi, ukanda wa kuzuia moto uwe mchanga wa kuanikia dagaa, kwa sababu mwenye dagaa zake pale hatamruhusu mtu asimike mrunda. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo kinaweza kulifanya hilo kabla kambi haijajaa, kwa kamba, mambo za mti na mita ya mkono: safu mbili za mabanda, mita 6 katikati, petroli zote kwenye ghala moja upande unakoelekea upepo, vyoo upande wa juu mbali na maji. Tajiri wa chombo atapinga akiambiwa asogee. Aambiwe kabla hajashusha mabati yake kwenye mtumbwi.