Tiketi Mbili

Ukivaa jezi ya AFC Leopards stejini Githurai 45, jiandae. Makanga huanza kabla sijashika mlango: "Mzee wa Ingwe, bado mnangoja?" Ligi ya 1998 tuliibeba sisi, yeye sidhani alikuwa ameota meno.

Wenzangu huwalaumu wachezaji. Mimi siwezi. Katika ligi yetu mchezaji anaweza kukaa miezi bila mshahara, anaomba nauli ya kwenda mazoezini, halafu Jumapili tunamtukana akikosa bao. Lawama zangu nilikuwa nawapelekea viongozi. SportPesa ilipoondoa udhamini 2019, sisi na Gor Mahia tuliachwa kwenye mataa pamoja, nikauliza: klabu ya tangu 1964 inasimamaje kwa mguu mmoja, tena wa kuazima?

Swali zuri. Ila mke wangu naye alikuwa na lake: "Na wewe hulipa ngapi getini?"

Nikameza mate. Miaka mingi nimekuwa nikimpa mlinzi hamsini, napitia kando. Hiyo hamsini haijawahi kumnunulia mchezaji hata kamba ya njumu.

2017 tulipowafunga Kariobangi Sharks tukachukua Ngao ya GOtv, nilirudi nyumbani sauti imekauka. Kijana wangu, mtu wa Arsenal, akaniuliza: "Sharks ndio kina nani, Baba?"

Jumapili hii ni debi ya Mashemeji, sisi na Gor. Nimekata tiketi mbili. Yake nimeiweka kando ya televisheni. Ameiona, lakini hajasema kitu.