Safari ya Ugogo na Ubao wa Uzi Mmoja

Wengi wenu mwafundisha kuimba, shuleni au kanisani, nanyi mwaijua taabu yake: sauti ya tatu haishiki, besi wanachelewa, na kinanda kimeingia vumbi. Mwezi huu twataka kuwasimulia safari yetu ya Ugogo. Hatukwenda kutembea tu, wala kuutazama mji mkuu na majumba yake. Tulikwenda kwa ajili ya noti moja.

Habari ilianza hivi. Katika kwaya yetu hapa Morogoro alikuwamo mama mmoja mzaliwa wa Ugogo, mtu mzima mwenye wajukuu, sauti yake nzito na thabiti. Hakukosa zoezi hata moja. Walakini kila tulipofika kwenye noti ya ta, yaani ile ti iliyoshushwa, sauti yake ilikuwa chini ya kinanda. Si chini sana, lakini mwenye masikio aliisikia. Tukampigia noti ile mara kumi, naye akaiimba mara kumi, kila mara pale pale, chini ya kinanda. Hapo ingetupasa kuamka, maana mtu apoteaye njia huenda mara kulia mara kushoto, hafiki kila siku mahali pamoja. Hatukuamka. Juma moja kabla ya Pasaka tulimwambia, mbele ya wenzake wote, afumbue kinywa tu asitoe sauti. Hakugomba. Alifunga kitabu chake, akaenda kukaa benchi la nyuma, na huko alikaa miaka miwili.

Hata siku moja tukaenda kwake kumpa pole ya msiba. Tulipokwisha kunywa chai, tukaketi kimya kitambo, ndipo aliposema, “Walimu wangu, mimi naimba kama nilivyowasikia mama zangu. Nendeni kwetu mkasikilize. Mkirudi, mniambie tena kwamba nakosa.” Maneno yale hayakuwa na ukali, lakini tulitoka nyumbani mwake bila kutazamana.

Basi mwezi wa saba, mavuno yalipokwisha, tulifunga safari, walimu watatu. Tulichukua vitu viwili. Cha kwanza ni chati ya solfa, ile inayozionyesha noti kama ngazi iliyosimama ukutani, do chini na do juu. Cha pili ni ubao wa uzi mmoja. Tulipigilia misumari miwili katika ubao wa mninga, tukakaza waya kati yake, sentimita 120 kamili, na chini ya waya tukaweka kijiti cha kusogezwa huku na huku. Asiyejua angedhani ni mtego wa panya. Lakini walimu wa Kiyunani wa kale walijifunza kwa chombo cha namna hii, na mtawa Guido wa Arezzo, katika Italia, karibu miaka elfu iliyopita, alikitumia kuwafundishia waimbaji. Ndiye aliyezipa noti majina ut, re, mi, fa, sol, la.

Reli ya zamani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, wengi mwaijua kwa mwendo wake wa pole. Sisi tulipanda gari la umeme, lililoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Hatukuwahi kumaliza karanga zetu. Milima ya kijani ilibaki nyuma, nchi ikafunguka, kavu na nyekundu, mibuyu imesimama mmoja mmoja kama wazee wasiosemezana. Kutoka Dodoma tulishika barabara ya Mvumi, tukashuka katika kijiji kimoja chenye mawe makubwa na zizi la ng'ombe mbele ya kila ua.

“Mbukwenyi!” wakatuamkia wenyeji, nasi tukaitika kama tulivyofundishwa. Tukapewa ugali wa uwele na mlenda. Mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, aliona mlenda unamtoroka vidoleni, na watoto wakacheka mpaka wakafukuzwa.

Jioni ile tulipelekwa kwa mzee mmoja fundi wa ilimba. Chombo hiki ni sanduku la mti lililochimbwa ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Tundu dogo la sanduku limezibwa kwa utando wa buibui, nao huifanya sauti ivume. Baadhi ya vyuma mzee hakuvigusa kabisa. Tulimwuliza ni vya nini. Akasema, “Hivyo huitika vyenyewe, wenzao wakiimba.” Chuma kikiwa kirefu hutoa sauti ya chini, akitaka kuipandisha, hukigonga kwa jiwe kirudi nyuma kidogo, kisha husikiliza. Alifanya hivyo kwa saburi kubwa, akigonga na kusikiliza, mpaka giza likaingia. Wengi wenu mwalijua jina la Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo akaichukua ilimba hata Ulaya na Japani, akafariki mwaka 2003. Mzee wetu hana sifa kama zile, lakini masikio yake hayana kasoro.

Asubuhi tukatoa ubao wetu. Tulimwomba mzee apige chuma kimoja kimoja kuanzia kile alichokiita mama, nasi tukakaza waya mzima mpaka ukalingana nacho. Tukaiita sauti hiyo do. Kisha tukasogeza kijiti kwa kila chuma kilichofuata, na mahali sauti zilipopatana tukatia alama kwa penseli. Alama ya kwanza ilikuwa kwenye sentimita 96. Ya pili kwenye 80. Ya mwisho, do ya juu, ilikuwa kwenye 60, nusu kamili. Hayo yote tuliyatazamia, maana waya ukipunguzwa hata sehemu nne katika tano hutoa mi, na sehemu mbili katika tatu hutoa sol. Lakini kati ya sol na do ya juu kulikuwa na chuma kimoja, nacho kilitua kati ya 68 na 69. Tukarudia mara tatu. Hapo ndipo mama yetu wa benchi la nyuma alipokuwa akiimba siku zote.

Yafaa tueleze kidogo, maana jambo hili ni la kuonekana kwa macho, na kila mwalimu aweza kulijaribu kwa ubao na waya. Uzi ukipigwa hautikisiki mzima tu. Papo hapo hutikisika pia kwa nusu zake, na kwa theluthi, na kwa robo, na kwa sehemu za tano, sita, saba na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake ndogo ndani ya ile kubwa. Ukitaka kuzisikia, piga waya huku ukiugusa kidogo tu kwa unyoya wa kuku, pasipo kuubana. Gusa kwenye sentimita 30, yaani robo: utasikia do. Gusa kwenye 24, sehemu ya tano: mi. Kwenye 20, sehemu ya sita: sol. Gusa kwenye 15, sehemu ya nane: do tena. Ukipita kidogo 13, ni sehemu ya tisa: re. Je, sehemu ya saba? Ni kwenye 17 na kidogo. Tukagusa hapo, na waya wenyewe, usio na kabila wala mwalimu, ukaimba ile ta ya chini. Mzee akacheka kwa sauti, akaipiga ilimba yake kwa mfuatano: do, mi, sol, ta, do, re. Ndiyo ngazi yake nzima. Akamwita jirani yake aje na ndono, upinde wenye kibuyu, uzi wake hupigwa kwa ufito. Yule jirani alikisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, na kila alipofanya hivyo sauti moja ndogo ilitoka mafichoni ikasikika wazi. Wazee wa Ugogo waliisikia hesabu ile katika upinde bila kuiandika.

Mtu atauliza, basi kinanda ni mwongo? La, tusiseme hivyo. Kinanda kimefanya mapatano. Hukigawa kipande cha kutoka do mpaka do katika hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuanzia po pote na wimbo usiharibike. Faida hii ni kubwa, lakini ina gharama. Sol ya kinanda ingeangukia karibu sana na alama yetu ya 80, haipishani nayo hata milimita moja. Mi yake iko juu kuliko mi ya waya, kwa karibu milimita 8 za ubao wetu. Na ta yake ingeangukia kwenye 67 na theluthi, zaidi ya sentimita moja mbali na pale waya unapotaka. Sentimita moja! Kwa upana huo tulimnyamazisha mtu miaka miwili.

Tukaitazama na chati yetu ya solfa. Twaipenda chati hiyo, nayo imewafaa watu wengi tangu siku za mchungaji John Curwen wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1880, ambaye msingi wa kazi yake aliupata kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Ndiye Glover aliyeigeuza si kuwa ti, ili kila noti iwe na herufi yake. Curwen akaongeza ishara za mikono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, la ni mkono unaoning'inia. Mtoto asiyejua kusoma aweza kuimba kwa kuutazama mkono wa mwalimu. Lakini chati huonyesha ngazi kwa utaratibu wake tu. Haina mahali pa kuiandika ta ya Ugogo, na kisichoandikwa ukutani, mwalimu hukidhania kuwa kosa.

Usiku wa pili wanawake waliimba. Walizibana ngoma zao, muheme, kati ya mapaja, wakazipiga kwa mikono, mmoja akianzisha na wengine wakiitika. Tuliusikiliza upatano wao kwa makini. Hawaimbi kwa sauti nne za kitabu. Aimbaye chini hushika noti moja, naye mwenzake wa juu huruka noti moja ya ngazi, hushika inayofuata. Basi do hukutana na sol, na sol hukutana na do ya juu, na masikio yetu hayakuona shida. Lakini mi hukutana na ta, upatano ambao vitabu vyetu hutuonya kuwa ni mkali na kututaka tuutengeneze upesi. Kwa ta ya kinanda ni mkali kweli. Kwa ta yao ulitulia kama maji mtungini. Tena katika tenzi zetu noti hii huja kama mgeni apitaye, ikitupeleka kwenye fa. Kule ni mwenyeji, aketi hapo hata wimbo uishe. Fa yenyewe hatukuisikia usiku kucha.

Hatukulala mapema. Mwenzetu wa pwani, aliyeshindwa na mlenda, alishinda wote katika kuitika, na bibi mmoja mwenye ngoma akamwambia, “Wewe mjukuu wangu umezaliwa hapa, ulipotea tu njiani.”

Tuliporudi Morogoro, hatukwenda nyumbani kwa mama yule kumwambia kwa siri. Tulimwaibisha mbele ya kwaya, basi yalitupasa maneno yetu yasemwe mbele ya kwaya. Jumamosi ya zoezi tuliweka ubao juu ya meza, tukaeleza kama tulivyowaeleza ninyi, tukagusa waya kwa unyoya kwenye sehemu ya saba, kisha tukapiga ta ya kinanda. Vijana wakaangaliana. Tukamwomba radhi. Mama alikuja mbele, akainama, akaitazama alama ya penseli kwa muda mrefu, akaweka kidole chake juu yake.

“Ni hapa?” akauliza.

“Ni hapo, Mama.”

“Mbona ni padogo hivi?”

Hatukuwa na jibu. Tulidhani ya kuwa atarudi kwenye nafasi yake siku ile ile, lakini alisema, “Nyimbo za kinanda niacheni nisikilize, maana kinanda nacho kina haki yake. Mkiimba bila hicho, niiteni.” Tangu hapo kila Jumapili twaimba wimbo mmoja kinanda kikiwa kimefungwa, na wasichana wawili wa sauti ya pili wameomba kusimama karibu naye. Mmoja ni mjukuu wake. Juzi tulimsikia katika zoezi akiishusha ta yake, polepole, akimtazama bibi yake midomoni, mpaka ikafika.