Kazi za Kiangazi na Ndoo ya Maji



Nataka kuzungumza na wasomaji wenzangu juu ya jambo linalotuhusu sote tulio na nyumba na watoto, yaani kazi za nyumbani wakati wa kiangazi.

Hapa kwetu Bariadi, mwezi wa Juni ukiingia, mvua imekwisha katika, majani yamegeuka rangi, na pamba imefunguka mashambani. Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayolima pamba nyingi sana, na fedha ya pamba ndiyo fedha ya mwaka mzima. Basi haja zote zilizongoja tangu masika hutoka nje kwa pamoja. Huyu ataka bati, yule ataka kuoa, huyu ana safari ya kwa wakwe zake, na yule ana ukuta unaoinama. Shule nazo hufungwa mwezi huo huo, watoto wakajaa uani. Mgeni akitutazama hudhani kwamba kiangazi ni wakati wa kupumzika, maana jembe limewekwa darini. Lakini mwenyeji ajua kwamba jembe likipumzika, mwiko wa fundi huamka.

Nitaeleza habari za kiangazi cha mwaka 2024 nyumbani mwangu, si kwa kujisifu, bali kwa sababu naona yako mambo ndani yake yatakayowafaa wengine.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Wasomaji wanaokaa penye udongo mweusi wa mbuga wanajua tabia yake: ukinywa maji huvimba, ukikauka hujikunja na kupasuka, na nyumba iliyo juu yake hupasuka pamoja nao. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu methali hii si mfano tu, ni habari ya kila mwaka. Ukuta wetu wa magharibi ulikuwa na ufa ambao mtoto aliweza kuingiza mkono wake.

Siku ya kwanza ya likizo tukaketi sote uani, mke wangu, mama yangu mzazi, watoto, na mwana wa ndugu yangu anayekaa nasi, kijana wa miaka 16. Nikashika karatasi, na kila mmoja akataja kazi au shauri lake. Tukaandika hivi: kuziba ufa na kupiga lipu ukuta wa magharibi, kupiga lipu jiko, kufunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na kununua tangi la maji, kuchuma pamba iliyobaki na kulala katika kibanda cha shambani, kukausha michembe ya viazi, kufanya sikukuu ya kuzaliwa kwa mapacha wetu, waliokuwa wanatimiza miaka 11, na mwisho, safari ya kwenda ziwani kumwamkia mama mdogo. (Majina ya mapacha hao sina haja ya kuyataja, kila Msukuma anajua kwamba mmoja ni Kulwa na wa pili ni Doto, wala mdogo anayewafuata hana jina jingine ila Shija.)

Karatasi ilipojaa, mke wangu akauliza neno moja. "Baba Kulwa, maji ya kazi hizi yatachotwa na nani?"

Watu wote wakanyamaza. Maana wasomaji, kila kazi ya ujenzi huanza na ndoo ya maji. Saruji bila maji ni vumbi. Tena mto Simiyu, ulioupa mkoa wetu jina, huenda hata Ziwa Victoria wakati wa masika, lakini kiangazi hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima ndani ya mchanga huo. Kutoka kwetu hata visimani ni mwendo wa nusu saa. Na kwa desturi yetu, mchota maji ni mwanamke.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikaifanya hesabu ile mbele ya watoto. Nyumba yetu hutumia madumu 8 ya lita 20 kwa siku. Mama na binti yetu mkubwa wakienda pamoja, kila mmoja na dumu moja kichwani, ni safari 4, nayo ni saa 4. Siku ya ujenzi yahitajiwa madumu 12 zaidi, yaani safari 6 nyingine. Jumla ni saa 10 za njiani, mbali na kungoja kisima kijae tena. Na kila dumu ni kilo 20 juu ya shingo ya mtu.

Sasa binti yetu huyo alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa mwezi wa Septemba. Tazameni basi: kadiri tulivyozidisha kazi za kuifanya nyumba yetu kuwa nzuri, ndivyo tulivyozidi kumpunguzia mtoto huyu saa za kusoma. Mtu angeweza kujibu, "Tangi linakuja, litamaliza taabu hiyo." Lakini tangi halizai maji. Linangoja mvua, nayo mvua kwetu ni mwisho wa Oktoba au Novemba. Mtihani haungoji mvua.

Tukaamua pamoja kwamba kiangazi kile maji yote yatachotwa na wanaume, kwa baiskeli. Baiskeli moja hubeba madumu manne, kijana akaisukuma mbele na mapacha wakaisaidia nyuma. Safari 2 zilitosha nyumba, na safari 3 zilitosha ujenzi. Zamu yangu mimi ilikuwa alfajiri. Tukaamua tena kwamba tutajenga siku mbili tu kwa juma, ili vijana wasichoke kupita kiasi. Binti hakuachwa bila kazi: alipika kwa zamu, akachuma pamba, akakata viazi. Lakini asubuhi, kutoka saa moja hata saa nne, alikaa chini ya mwarobaini na vitabu vyake, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtuma.

Jambo hili halikupita kimya kijijini. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye namheshimu sana, akanisimamisha njiani. "Mwalimu," akasema, "ng'ombe wako wamekufa wote, hata vijana wachunge madumu?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Shikamoo, Mzee wangu. Ng'ombe wapo. Nao kiangazi vijana wetu huwachotea maji kisimani siku zote, wala hakuna anayewacheka. Kijana akimchotea ng'ombe si aibu. Akimchotea mama yake, aibu yatoka wapi?" Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haya, tutaona." Hakukubali siku ile, wala sikutaka kushindana naye. Mapacha wenyewe waliona haya juma la kwanza, wakataka kwenda visimani usiku. Juma la pili vijana wengine wakaanza kuomba kuisukuma baiskeli, na haya ikaondoka.

Ilipofika siku ya mapacha, mke wangu alinunua keki ndogo mjini Bariadi, tukachinja kuku wawili. Shija akamwuliza mama yangu, "Bibi, na siku yako wewe ni lini?" Mama akacheka. Zamani zake watu hawakuandika tarehe. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvua aliitwa Mbula, na jina lilikuwa ndilo kalenda yake. Katika kitambulisho cha mama imeandikwa tarehe, lakini ni ya kukadiria, naye hakuwahi kuitambua kuwa yake. Mapacha wakanong'onezana, kisha Kulwa akasema, "Bibi, chukua ya kwetu. Sisi ni wawili tunakula siku moja. Wa tatu hatatupunguzia." Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nami leo nina siku." Keki ikakatwa tena, kipande cha kwanza akapewa yeye. Naandika haya kwa sababu wako watu wanaosema kwamba sikukuu za kuzaliwa ni mambo ya mjini, ya kupoteza fedha. Fedha yaweza kupotea, ndiyo. Lakini kuku wawili si gharama kubwa kwa kumwambia mzee kwamba tunafurahi alizaliwa.

Baada ya hapo tukaenda shambani. Shamba letu liko upande wa mashariki, si mbali na mipaka ya hifadhi, na katika majira ya mavuno tembo hutoka usiku wakaja kula mtama wa watu. Kwa hiyo tunacho kibanda cha miti na nyasi cha kulala walinzi. Kwa watoto, kulala huko ni furaha kuu ya mwaka: moto, viazi vya kuchoma, nyota, na hadithi za bibi. Kwa wakubwa ni kazi. Niliwafundisha vijana kwamba tembo hafukuzwi na shujaa mmoja. Hufukuzwa kwa kelele za watu wengi walio mbali, na askari wa wanyamapori wapewe habari mapema. Mchana tulimaliza kuchuma pamba. Kuna na kazi ya kung'oa na kuchoma miti ya pamba mavuno yakiisha, ili funza wasipate makao ya kungoja msimu ujao, nayo tukaiwekea siku yake.

Juma la mwisho tukapanda basi kwenda Lamadi, wilaya ya Busega, kilometa kama 70 kwa barabara ya lami. Huko ndiko ziliko pwani za Ghuba ya Speke. Mama na mdogo wake walikuwa hawajaonana miaka mitatu. Watoto wakaona dagaa zimeanikwa, na maji yasiyo na mwisho. Shija akauliza, "Baba, nani aliyechota maji haya yote?" Tukacheka. Lakini jioni nikaona jambo ambalo sikulicheka. Nyumba ya mama mdogo haiko mbali na ziwa, hata mtu akiita husikiwa. Maji ni tele. Na hata hivyo kila ndoo iliyopanda kutoka ziwani ilikuwa juu ya kichwa cha mwanamke au msichana, na wavulana walikuwa wakicheza mpira. Hapo nikaona kwamba si ukame tu unaowabebesha binti zetu maji. Ukame hurefusha njia. Lakini anayempa msichana ndoo ni sisi watu, nasi twaweza kumpokea.

Sasa hesabu ya mwisho wa kiangazi. Ufa uliziba, na ukuta wa magharibi ukapigwa lipu. Jiko halikupigwa lipu, kwa sababu maji na siku havikutosha. Hata leo nikiandika lingali hivyo, na mke wangu haoni hasara. Mfereji wa bati ulifungwa, na tangi la lita 2,000 likawekwa juu ya msingi wa mawe.

Wasomaji wanaotaka kufanya vivyo hivyo, hesabu yake ni hii. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa letu ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 hutoa lita 480. Toa zinazomwagika, zabaki kama 400, ambazo ni madumu 20. Mvua tano za namna hiyo hujaza tangi. Mkoa wetu hupata kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka. Hata kwa milimita 600, paa letu lapokea lita 28,800, yaani madumu 1,440. Zamani maji hayo yote yalianguka uani na kwenda kuipasua mbuga chini ya ukuta, kisha sisi tukaenda kutafuta mengine mchangani. Mvua ya kwanza msiiweke; iacheni ioshe bati, maana ina vumbi na kinyesi cha ndege.

Binti alifanya mtihani wake Septemba, na matokeo yalipotoka alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya madumu. Wako wasichana waliobeba maji mwaka mzima wakafaulu, nao nawavulia kofia. Nasema tu kwamba wetu alipewa saa zake tatu kila asubuhi, na kama angalishindwa, asingaliweza kusema kwamba sisi ndugu zake tulimwibia.

Basi, ndugu zangu, kiangazi kingine chaja, na karatasi zitajaa kazi. Jengeni, ezekeni, safirini, walisheni watoto wenu keki. Nyumba yenye shughuli nyingi ni nyumba yenye uhai. Lakini kabla ya kumwita fundi, ulizeni kwanza nani atakayechota maji, na mtu huyo angekuwa anafanya nini kama asingekuwa njiani na ndoo. Mkilijibu swali hilo kwa haki, kazi nyingine zote zitajipanga zenyewe.

Wasalaam,

Mwalimu wa Bariadi