Udalali wa Viwanja na Fedha ya "Cha Juu"

Vijana wawili walitujia hapa Nyahanga baada ya sala ya Alasiri, wakataka tuwafundishe udalali wa viwanja na nyumba. Mmoja wao alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu ile alikuwamo mwalimu wa Kimarekani mwenye sauti kubwa na meno meupe, akieleza jinsi ya kupata fedha katika ardhi bila ya kuwa na ardhi wala mtaji. Mafundisho yake, kwa jinsi tulivyofasiriwa, ni haya: Mtafute mtu aliyebanwa na deni, au talaka, au msiba. Andikiana naye kwa bei ya chini. Kabla siku za kumlipa hazijafika, mtafute tajiri umwuzie karatasi ile kwa bei ya juu, nawe uondoke na kilicho baina ya bei mbili.

Kijana akatuuliza, "Mzee, watu waliobanwa namna hii hapa Kahama twawapata wapi?"

Tulinyamaza kitambo. Jibu tulikuwa nalo, na tulilipata kwa njia tusiyopenda kuikumbuka.

Msomaji wetu aliye mbali na nchi hii ya Shinyanga na Geita huenda asijue kwa nini kiwanja cha Kahama hubadilika mikono upesi. Mji wetu umezungukwa na dhahabu. Upande mmoja pana mgodi wa Bulyanhulu; karibu kabisa na mji palikuwa na mgodi wa Buzwagi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2009 na kufikia mwisho wake mwaka 2021. Kuna mashine za kukoboa mpunga, kuna barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na kuna wachimbaji wadogo wasiohesabika. Mchimbaji akipata, hununua kiwanja siku ile ile. Duara lake likikauka, hukiuza upesi kuliko alivyokinunua. Mkulima huuza mpunga ukiwa bado haujaiva, na ghala likiwa tupu. Mwenye mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Bugando, Mwanza, huuza usiku. Wauzaji wenye haraka hawakosekani, wala haihitaji mwalimu wa kuvuka bahari kutuonyesha walipo.

Na kazi yenyewe si ngeni. Madalali wetu waijua tangu zamani kwa jina la "cha juu". Mwenye mali ataja milioni tatu, dalali amwambia mnunuzi milioni nne, na ile moja yalala mfukoni mwake, wala hao wawili hawajui. Huko Marekani kwenyewe baadhi ya majimbo yameanza kuitilia mipaka. Katika jimbo la Illinois, tangu mwaka 2019, mwenye kuifanya zaidi ya mara moja katika miezi 12 hutakiwa awe na leseni ya udalali.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata sisi.

Mwaka 2012 tulikuwa tukifanya kazi katika mashine ya mpunga, umri wetu haujafika miaka 25. Tulikuwa tukiwaona madalali wakipita na pikipiki mpya, nasi tukaingia katika kazi hiyo bila ya kuuliza mtu. Haikupita miezi mingi, tukasikia ya kuwa mama mmoja mjane, jirani yetu, anataka kuuza kiwanja alichoacha marehemu mumewe, kwa kuwa binti yake ni mgonjwa. Tulikwenda kwake usiku ule ule. Tulijiambia kwamba tunakwenda kumsaidia, na kweli tulichukua sukari kilo mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ndiye aliyekuleta."

Alitaka shilingi milioni 3. Bei ya viwanja vya upande ule tuliijua vyema, naye hakuijua, kwa maana tangu afe mumewe hakuwa na mtu wa kumwulizia. Tulimwambia kwamba mnunuzi yuko safarini, na kwamba sisi twatia sahihi kwa niaba yake. Tukampa arubuni ya shilingi 200,000, zilizobaki zilipwe katika siku 14, na ujira wetu ukawa asilimia kumi, yaani shilingi 300,000. Kwa maneno tulikuwa wakala wake; katika karatasi tulikuwa mnunuzi. Siku ya tisa tukapata mfanyabiashara aliyelipa milioni 4 na nusu, tukamwandikia karatasi nyingine. Tulipompelekea mama fedha zake alitushika mikono miwili akatuombea dua ndefu. Binti akapelekwa Mwanza, akatibiwa, akapona, alhamdulillahi. Nasi tukanunua pikipiki.

Haukupita mwaka. Akatokea kijana kutoka machimbo ya Geita, mtoto wa marehemu kwa mke wa kwanza, ambaye alikwisha kufa. Alikuta msingi wa nyumba katika kiwanja cha baba yake. Hakuna aliyemwuliza, na sisi tuliofanya biashara hatukuwa tumemwuliza mama hata mara moja kama marehemu ana watoto wengine. Wazee walituita sote msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Mfanyabiashara akatoa karatasi yake ya milioni 4 na nusu. Mama akatoa yake ya milioni 3. Karatasi mbili zikawekwa juu ya jamvi, zote kwa mwandiko wetu.

Hakutupigia kelele. Alizitazama, kisha akasema, "Mwanangu, dua niliyokuombea siku ile, niliiomba juu ya bei ipi?"

Sheikh aliyekuwapo hakutufukuza. Alikaa nasi siku nyingi baadaye akatusomesha mlango huu wa biashara, na hayo aliyotusomesha ndiyo tuliyowapa wale vijana wawili. Alianza kwa jambo lililotushangaza: udalali si haramu. Katika Sahihi ya Bukhari umo mlango wa ujira wa dalali, ambamo wametajwa wakubwa kama Ibn Sirin na Ataa, wasioona ubaya katika ujira huo. Tena Ibn Abbas amepokewa akiona si vibaya mtu kumwambia mwenziwe auze nguo kwa kiasi kadha, na kitakachozidi kiwe chake, ingawa wanavyuoni wengi hawakupenda ujira usiojulikana kiasi chake. Basi "cha juu" kilichosemwa mbele ya mwenye mali kina mwenye kukitetea. Cha kufichwa hakina. Wakala ni amini, na faida inayozaliwa na mali ya mtu ni ya mwenye mali.

Ama ile karatasi ya kuuza kabla ya kulipa wala kukabidhiwa, alitukumbusha habari ya Hakim bin Hizam, aliyemwuliza Bwana Mtume (s.a.w.) juu ya kuwauzia watu kitu kisha kwenda kukinunua sokoni, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kilichonunuliwa hakiuzwi mpaka kikabidhiwe, hata ardhi. Imam Abu Hanifa ndiye aliyeilegeza katika ardhi.

Lakini lililotuchoma zaidi ni lile la misafara. Zamani watu wa Madina walikuwa wakitoka nje ya mji kuwalaki wenye bidhaa njiani, wakanunua kwao kwa bei ndogo kabla hawajaijua bei ya soko. Mtume akakataza, na akampa muuzaji aliyelakiwa hiari ya kuvunja mauzo akishafika sokoni. Tafadhali tazameni: yule mama alikuwa msafara, nasi tulimlaki usiku na sukari kilo mbili. Kinyume chake ni sahaba Jarir bin Abdillah. Imesimuliwa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, naye Jarir akamwambia mwenye farasi kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akazidi kumpandishia mwenyewe mpaka 800, kwa kuwa alimwahidi Mtume kumtakia kheri kila Mwislamu. Sisi hatujawahi kumwona dalali wa Kahama akifanya hivyo, wala hatudai kwamba sisi twafanya.

Kwa hiyo vijana wale tuliwajibu hivi. Muuzaji mwenye dhiki atapatikana, lakini msisimame milango ya hospitali wala matangani. Julikaneni kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa majirani na msikitini, ili mwenye haja awatafute nyinyi. Akija, kabla hajataja bei mtajieni viwanja vitatu vilivyouzwa karibu na chake na bei zake. Mwulizeni pia kama ni lazima auze: pengine kupangisha chumba, au kukopa kwa jamaa pasipo riba, kutamtosha. Mara nyingine mtapoteza biashara kwa swali hilo. Sisi tumepoteza nyingi.

Kisha chunguzeni mali. Kwa Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya Rais kwa amana. Anachouza mtu ni haki yake ya kumiliki na alichokiendeleza, na mkataba wake sharti uwe wa maandishi. Penye hati, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati mjue jina ni la nani na kama haikuwekwa rehani. Pasipo hati, tembeeni kwa majirani wa pande zote nne, msitosheke na neno la mtu mmoja. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe. Hiyo imo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Na mali ya marehemu, ulizeni kwanza nani ni msimamizi wa mirathi aliyewekwa na Mahakama, kwa kawaida ya Mwanzo, na warithi ni wangapi, wakiwamo walio mbali machimboni. Mnunuzi na muuzaji waonane uso kwa uso, waandike karatasi moja yenye bei moja, mbele ya mashahidi na wakili. Ujira wenu utajwe hapo hapo.

Wale vijana walisikiliza. Mmoja akazima simu. Mwingine, twadhani, alikwenda kutafuta mwalimu mwingine.

Wasomaji watapenda kujua shauri letu lilikwishaje. Sheikh alipiga hesabu juu ya milioni 4 na nusu. Mjane, thumni yake, shilingi 562,500. Kilichobaki ni cha watoto watatu, wanaume wawili na binti mmoja: kila mwana 1,575,000, binti 787,500. Kijana wa Geita akakubali kiwanja kibaki kwa mfanyabiashara, maadamu apewe haki yake. Milioni moja na nusu tuliyoificha tukaamriwa tuirudishe yote. Zile 300,000 tuliachiwa, kwa kuwa tulizitaja mbele ya mama. Tuliuza pikipiki, tukakopa kilichopungua. Zikabaki shilingi 75,000 ili fungu la kijana litimie. Mama akafungua pindo la kanga akazitoa yeye, akasema, "Huyu ni mtoto wa mume wangu."

Miaka mitatu baadaye alitupigia hodi. Alitaka mpangaji wa chumba cha uani. Kabla hatujamkaribisha kiti aliuliza, "Ujira wako ni kiasi gani?" Tukamwambia ni kodi ya mwezi mmoja, nayo hulipwa na mpangaji. Akamwita binti yake, yule aliyetibiwa Mwanza, aje na kalamu aandike.