Maji Baridi ya Ormiston



Safari ninayowasimulia wiki hii ni ya Australia, nilikokwenda pamoja na mama watoto kumzuru binti yetu, muuguzi katika mji wa Alice Springs, katikati ya bara lile. Naanza kwa kukiri kosa. Alipohamia huko na mumewe miaka minne iliyopita, sikuwakataza, lakini sikuwaombea dua kwa moyo mkunjufu. Nilinyamaza tu, na kimya cha mzazi huumiza kuliko neno. Nilihofia kuwa jangwa lile litamsahaulisha malezi yake.

Siku ya tatu mkwe wetu alitupakia garini baada ya Alfajiri, tukashika njia ya magharibi. Milima ya MacDonnell, ambayo Waarrernte, wenyeji wa ardhi ile tangu kale, huiita Tjoritja, ilitandaa kama ukuta mwekundu usio na mwisho. Chini yake ni mchanga, majani makavu na mito isiyo na tone la maji. Baada ya kilomita 135 tukafika kwenye korongo liitwalo Ormiston Gorge.

Tulitembea kwa miguu mwendo mfupi tu, kisha macho yetu yakapigwa na jambo la ajabu. Kuta za mawe mekundu zimesimama huku na huku, mikaratusi yenye magogo meupe imeng'ang'ania nyufa za miamba, na katikati yake limetulia dimbwi pana la maji, kina chake husemwa kufikia mita 14. Hata mito inapokauka, maji hayo ni nadra kutoweka. Mama watoto alisema, "Subhanallah," kisha akakaa juu ya jiwe asiseme neno jingine.

Wakati wa Adhuhuri ulipoingia, nilikunja mikono ya kanzu nikashuka ukingoni ili nitawadhe. Maji yale ni baridi mno, hata waogeleaji hutahadharishwa. Nikawa nachota kwa viganja vyote viwili, nikimwaga kama niliye kwenye birika la msikiti wetu. Binti yangu akaja polepole na kikombe mkononi.

"Baba, niwie radhi," akasema. "Hapa tunachota kidogo, tunatawadha mbali na ukingo. Ndege na wanyama wa pande hizi hawana pengine pa kunywa, na mahali hapa pana heshima yake kwa wenyeji."

Nikanyamaza kwa haya. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewasomesha watoto madrasa kuwa Mtume wetu (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kwenye mto unaopita. Mimi nilikuwa nimesomesha, naye alikuwa ametenda. Nilitawadha kwa kikombe kimoja, na kikatosha.

Tulisali kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Kwetu Mombasa Kibla ni kaskazini. Kule tulielekea magharibi, tukiinamia kaskazini kidogo. Nikawakumbuka Waislamu waliosujudu katika jangwa lile kabla yetu. Tangu 1860 waliletwa waongoza ngamia kutoka Afghanistan, Punjab, Sindh na Baluchistan, nchi ya asili ya jirani zetu Wabaluchi wa Mombasa. Wao ndio waliobeba chakula, maji na vifaa vya ujenzi kuvuka bara lile, na garimoshi liendalo Alice Springs hadi leo huitwa The Ghan kwa kuwakumbuka. Wengi waliacha wake na wazazi nyuma. Magari yalipochukua kazi yao, ngamia wengi waliachiliwa wakazaana porini, na leo makundi yao huchafua na kumaliza maji ya madimbwi kama haya. Mnyama yule yule aliyekuwa neema akageuka kero, kwa kuwa amana yake iliachwa bila mchungaji.

Jambo hilo lilinichoma. Mimi nami nilikuwa nimeiacha amana yangu miaka minne, nikingojea iharibike ili nionekane nilisema kweli. Ilisalimika kwa fadhila ya Mola, si kwa juhudi yangu.

Tulipokuwa tukirudi garini nilimwita binti yangu kando nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilikunyima dua uliyokuwa na haki nayo." Alilia, nami sikujizuia. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwombea pale pale dua niliyopaswa kumwombea siku ya safari yake.

Enyi wazazi wenzangu, mwana akiwa mbali, msimnyime dua kwa sababu ya kuwa hamkuridhia njia yake. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko ugenini, na atujaalie kuwa wenye kutunza maji na amana. Amin.